Sakafu ya Mbao Dodoma: Kabla Hujamlipa Fundi

Mwaloni wa Ulaya, mtiki wa Kilombero au marumaru? Mhariri wako amezunguka, ameuliza na amepiga hesabu. Soma kwanza, halafu ukae na mwenzako mzungumze.

Mwezi huu tushuke chini kabisa, hadi pale unapokanyaga. Kwenye mazungumzo ya nyumba mpya tunaongelea mapazia, sofa, dari ya jipsam na rangi ya ukuta. Sakafu huwa haikumbukwi mpaka fundi apige simu: "Bosi, niru imekauka, chini tunaweka nini?" Hapo ndipo mke anasema hili, mume anasema lile, na nyumba ambayo haijahamiwa inapata ugomvi wake wa kwanza.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, watu wamejenga kweli kweli. Pita Iyumbu, Ilazo, Nzuguni, Njedengwa au Nala uone. Na nyumba hizo zimekuja na ndoto zake. Ndoto ninayoulizwa sana siku hizi ni ile ya sakafu ya mbao ndefu, pana, zenye rangi ya asali, zilizolala ukuta hadi ukuta kama kwenye sinema. "Dada mhariri, hivi ile oki inawezekana huku kwetu?"

Jibu langu ni ndiyo, inawezekana. Ila Dodoma ina masharti yake, na usipoyajua utalipa mara mbili.

MWALONI NI MTI GANI?

Oki ni mwaloni. Wengi wetu tuliusikia kwanza kwenye Biblia, ule mwaloni wa More na mialoni ya Mamre aliyokaa Ibrahimu. Ukimtajia rafiki yako wa Mwanza, yeye atafikiria dagaa, kwa sababu Mwaloni kwake ni soko la samaki la Kirumba! Huku kwetu mti wenyewe hatuna. Ni mti wa nchi za baridi, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kwa hiyo kila ubao wa mwaloni unaouona dukani umevuka bahari.

Sifa zake ni za kweli. Ni mbao nzito, karibu kilo 700 kwa mita moja ya ujazo, ngumu, yenye michirizi mizuri, na ikitunzwa hudumu miaka mingi kuliko mkopo wa benki. Lakini ina tabia mbili usizoambiwa dukani. Kwanza, ina asidi ya asili ambayo ikikutana na chuma na maji huacha doa jeusi la bluu. Ukiweka stendi ya chuma ya chungu cha maua na kumwagilia kila asubuhi, utajua. Pili, hucheza sana na unyevu wa hewa. Hii ya pili ndiyo inayotuhusu sisi wa Dodoma.

ADUI WA HUKU NI UKAVU

Watu wakisikia mbao wanaogopa maji. Sawa, maji ni adui. Ila Dodoma iko juu kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, inapata mvua kama milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Mdomo unapasuka, kisigino kinapasuka, na ubao nao unasinyaa.

Ubao hauna haja ya kulowa ili ubadilike. Unakunywa unyevu wa hewa na kuutoa, siku zote, hata ukiwa na vanishi. Ubao uliokaa ghala la Dar es Salaam, kwenye hewa ya bahari, huweza kuwa na unyevu wa asilimia 14 hivi. Ukija Dodoma kiangazi, unashuka taratibu kuelekea asilimia 9. Sasa tupige hesabu pamoja, usiogope.

Ubao wa mwaloni wenye upana wa milimita 150, ukipoteza asilimia 5 za unyevu, hupungua upana kwa karibu milimita 2.7. Ni kitu kidogo, si ndio? Chumba cha upana wa mita 4 kinaingia mbao kama 26. Zidisha. Unapata milimita 70, yaani sentimita 7 za uwazi zilizogawanyika katikati ya mbao zako. Njiti ya kiberiti inapita, vumbi linapita, mchwa anapita, na heleni ya dhahabu uliyopewa siku ya kitchen party inapotelea humo.

Mfanyakazi mwenzangu yalimkuta. Mbao zilishushwa kwenye lori mwezi Machi, mvua zikiwa bado, fundi akazipiga wiki hiyohiyo. Pasaka wageni walisifia. Ilipofika Septemba sebule ilikuwa kama kitanda cha chaga. Aliporudi kulalamika, muuzaji akamwambia, "Mama, hiyo ndiyo mbao halisi, inapumua." Inapumua kweli, ila ilitakiwa ipumulie nje ya sakafu, kabla haijafungwa!

OKI TATU, BEI TATU

Ukiingia dukani ukasema unataka oki, unaweza kuonyeshwa vitu vitatu tofauti kabisa, na vyote vikaitwa hivyohivyo.

Ya kwanza ni mwaloni mtupu. Ubao mmoja, mti mmoja, unene wa milimita 18 hadi 20. Huu unaweza kupigwa msasa na kupakwa upya mara kadhaa katika maisha yake. Ndio wa gharama zaidi, na ndio unaocheza zaidi na hewa.

Ya pili ni mwaloni wa tabaka. Juu kuna ngozi ya mwaloni halisi, chini kuna tabaka za mbao nyingine zilizogundishwa zikikatana, kama plaiwudi. Kwa kuwa tabaka zinashikana, ubao hautanuki wala kusinyaa sana. Kwa hali ya hewa ya kanda ya kati, mimi kama ningekuwa nanunua mwaloni, ningenunua huu. Ila uliza unene wa ile ngozi ya juu. Kila ukipiga msasa unaondoa karibu nusu milimita hadi milimita moja. Ngozi ya milimita 1 haina maisha ya pili, ikichubuka imekwisha. Tafuta milimita 3 na kuendelea.

Ya tatu ni lamineti. Hii, mpenzi, ni picha. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa, juu yake imebandikwa karatasi yenye picha ya mwaloni na kufunikwa plastiki ngumu. Si kitu kibaya, ni rahisi na haichubuki ovyo. Lakini maji yakiingia kwenye kiungio inavimba, na ikivimba hairudi. Haipigwi msasa. Ukiuziwa kwa bei ya picha, sawa. Ukiuziwa kwa bei ya mwaloni, umepigwa.

Namna ya kutambua ni kuangalia ubao kwa ubavu, pale ulipokatwa. Mwaloni mtupu, michirizi ya juu inashuka mpaka chini. Wa tabaka, utaona mistari ya tabaka. Lamineti, utaona unga wa kahawia usio na mchirizi wowote. Usikubali kuonyeshwa uso tu.

MITI YA NYUMBANI JE?

Hapa ndipo ninapowaomba muache kidogo mambo ya sinema. Nchi hii ina mbao ambazo Wazungu wanazitamani.

Mninga, ule wa misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, husinyaa chini ya nusu ya mwaloni. Ndiyo maana mlango wa mninga wa babu bado unafunga vizuri hadi leo. Mkongo ni mgumu na mzito kuliko mwaloni, nao umetulia. Tatizo ni kwamba tumeikata sana. Mwaka 2022, mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliiweka jamii ya mininga na mikongo ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Hilo halikuzuii kununua kwa seremala wa hapa, lakini linatuambia kitu. Mninga huchukua miongo mingi kukomaa, na wanaopanda ni wachache kuliko wanaokata.

Mtiki, ambao wengine huuita msaji, ni habari nyingine. Huu unapandwa. Yapo mashamba ya Serikali kama Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, na yapo mashamba binafsi bonde la Kilombero. Kiini chake kina mafuta ya asili, mchwa hawaupendi, na hautikisiki sana na hewa. Ni laini kidogo kuliko mwaloni, kwa hiyo kisigino chembamba cha kiatu cha harusini kitaacha alama. Lakini kwa nyumba ya kawaida, ambayo watu wanavua viatu mlangoni, unatosha na kubaki.

Ukinunua mbao za nyumbani, angalia mambo matatu. Moja, kiini. Ile sehemu nyeupe ya pembeni ya gogo ni chakula cha mchwa hata kama mti ni mtiki au mninga, ikatae. Mbili, karatasi. Mbao halali zina alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu na kibali cha kusafirishia, na wewe dai risiti yako ya EFD. Tatu, ukavu. Uliza kama zimekaushwa kwa tanuri au zimeanikwa tu, na kwa muda gani.

MUME, MKE NA MBAO

Sasa tuje kwenye lile linalotuhusu zaidi kwenye kurasa hizi. Kuna wanandoa ninaowafahamu, wote watumishi, walihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2019. Wameniruhusu kusimulia, majina nimeyaacha. Walipofika hatua ya sakafu, mke alitaka mwaloni nyumba nzima. Mume alitaka marumaru nyumba nzima. Wakafika mahali hawasemezani mezani.

Nikaitwa. Mume akaanza: "Shemeji, niambie wewe uliyesoma. Maji hapa ni ya mgawo, tangi la chini hatujajenga, yeye anaongelea mbao za Ulaya! Na mama yangu anakuja kutoka Kongwa, magoti yanamsumbua. Atateleza."

Mke akanyamaza kwanza. Kisha akasema maneno ambayo nadhani mume alikuwa hajawahi kuyasikia. "Mimi huku sikuomba kuja. Nimeacha wazazi wangu, nimeacha rafiki zangu, nimeacha bahari. Nimekaa nyumba za kupanga, kila nikifagia nafagia sakafu ya mtu. Nataka kitu kimoja humu ndani ambacho nimekichagua mimi."

Unaona, msomaji? Ugomvi haukuwa wa mbao. Yeye alikuwa anadai nyumba, na mwenzake alikuwa anadai maji. Wote walikuwa na haki, ila kila mmoja alikuwa anajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Tulichofanya ni kuchukua karatasi na kuandika chumba kwa chumba, nani anakitumia na kwa kazi gani. Sebule na chakula, mita za mraba 30, ndiko wageni wanapita na viatu vya vumbi na watoto wanamwaga juisi. Chumba chao, mita 4 kwa 4, ni 16. Chumba cha mama, mita 4 kwa 3 na nusu, ni 14. Jiko na mabafu havijadiliwi, huko ni marumaru isiyoteleza, basi.

Ilipofika chumba cha mama, mama mwenyewe alikuwa amekaa pembeni na mkongojo wake. Akasema, "Wanangu, mnanisema na mimi nipo? Hizo tailizi ndizo zilinitelezesha ukumbini kwenye harusi ya mjukuu. Na mwezi wa saba miguu inakufa ganzi. Nyumba ya baba yenu ilikuwa tembe, chini udongo, tulikanyaga peku na hatukuanguka. Mimi nipeni kitu kisicho na baridi."

Mume akacheka. Hoja yake kubwa dhidi ya mbao ilikuwa imehamia upande wa pili! Na mama alikuwa sahihi. Usiku wa Julai Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 14, na marumaru hukaa na ile baridi mpaka jua la saa nne. Mbao haina ubaridi huo, na mtu mzima akianguka juu yake, haimpokei kama jiwe.

Mwisho waliweka mbao vyumba viwili tu, jumla mita za mraba 30. Wakaongeza asilimia 10 ya vipande vinavyopotea kwenye kukata, wakanunua mita 33. Mke ndiye aliyechagua, na baada ya kushika vipande vyote mkononi akachukua mtiki badala ya mwaloni. Sebule ikapata marumaru isiyong'aa sana. Pesa iliyobaki ilijenga tangi.

MWAMBIE FUNDI HAYA

Fundi mzuri hachukii maswali. Anayechukia, mshukuru kwa muda wake na uendelee kutafuta.

Jamvi limekauka? Zege na niru hukauka polepole, na kanuni ya mafundi wengi duniani ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Jaribio la bure ni hili: bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, acha saa 24. Ukikuta matone au zege limekuwa jeusi chini yake, subiri.

Dawa ya mchwa iliwekwa? Mahali pake ni chini ya jamvi, kabla ya kumwaga zege. Kama nyumba imeshasimama, muone mtaalamu kabla ubao wa kwanza haujalala. Mwaloni hauna kinga kubwa kwa mchwa wa nchi za joto.

Kuna nailoni kati ya zege na mbao? Lazima iwepo, au gundi maalumu inayozuia unyevu.

Mbao zimekaa ndani ya nyumba siku ngapi? Zifungue, zipange kwa nafasi ndani ya chumba chenyewe, madirisha yakiwa yameshawekwa vioo, wiki 2 angalau. Zilizotoka pwani zipe zaidi. Fundi mwenye kipima unyevu mkononi ndiye wako. Kwa Dodoma usipige mbao zilizo juu ya asilimia 10 au 11.

Umeacha nafasi ukutani? Milimita 10 hadi 15 kuzunguka chumba chote, ili mvua za Januari zikija mbao zipate pa kutanukia. Skating itaficha. Ukibana mbao ukutani, zitainuka katikati kama mgongo wa ng'ombe.

Unapiga mwezi gani? Mvua zikikatika, Mei au Juni, hewa haijalowa wala haijakauka kupita kiasi. Huo ndio wakati mzuri huku kwetu.

DEKI NDIO INAYOUA

Umelipa, umepata, sasa utunze. Vumbi la Dodoma ni mchanga, na mchanga ni msasa. Weka zulia gumu nje ya mlango na jingine laini ndani, viatu vibaki barazani. Fagia kwa ufagio laini kila siku. Miguu ya viti na vitanda ivalishe vipande vya kitambaa kizito.

Na lile la muhimu kuliko yote, kaa na dada anayekusaidia nyumbani umweleze kwa upole: kule kwenye mbao hapapigwi deki. Tumezoea kumwaga ndoo na kusukuma maji kwa mpira hadi nje. Kwenye mbao unatumia kitambaa kilichokamuliwa hadi hakidondoshi, na unafuta kwa kufuata mchirizi. Usimlaumu kwa kufanya alichofundishwa tangu utoto kama hukumwambia.

Kuhusu kupaka, vanishi inafanya ganda gumu na husumbui kwa miaka, lakini ikichubuka utapiga msasa chumba kizima. Mafuta ya mbao yanahitaji kurudiwa mara kwa mara, ila sehemu iliyochubuka unaitengeneza hiyo tu. Kwa nyumba yenye watoto na vumbi, mimi napendelea mafuta.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, sakafu ya mbao si ya mawaziri tu. Chumba kimoja kilichofanywa vizuri ni bora kuliko nyumba nzima iliyolipuliwa. Anzeni na kile mnachokanyaga peku asubuhi, mkiamka. Na kabla hamjaenda dukani, ulizaneni kwanza: hivi mwenzangu, wewe humu ndani unataka nini hasa? Majibu yake huenda yakakushangaza kuliko bei.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.